Aliyeimba Kabla ya Salamu

Dzaleka, Jumatatu 11 Machi 2002

Yaya Mathilde,

Leo sianzi na salamu, naanza na ugomvi. Jana Mzee Gélase alichagua wimbo wa mavuno, akakunja karatasi, akaificha ndani ya kofia yake mbele ya watu zaidi ya thelathini. Nikapanda kwenye kichuguu nyuma ya soko, mahali pekee ambapo simu ya Ntahomvukiye, yule mchuuzi Mrundi, inashika mtandao. Nikakupigia, nikakusalimu vizuri kabisa: "Allo Mwalimu, kazi inaendelea?" Nikampa mzee simu. Na wewe, dada yangu wa tumbo moja, ukamwimbia wimbo wa ubatizo! Mzee akanirudishia simu kwa vidole viwili, akasema, "Huyu malaika yako amelala, mupeleke kitanda." Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Unajua nilivyofika hapa. Nilipokuwa nacheza karata, Mzee Gélase huyohuyo alizichukua akazitia motoni, akasema karata ni za shetani na mzee wa kanisa hawezi kuzivumilia katika kambi hii ya wakimbizi. Ndipo nikapata akili ya nyimbo. Nyimbo za Mungu hawezi kuzichoma. Nina vikaratasi ishirini na vinne, kila kimoja wimbo wake. Mtu anachagua, mimi naona, halafu nakupigia na kukuambia kwa salamu tu, nawe unamwimbia kana kwamba malaika amekunong'oneza. Wamalawi wangetushika siku ya kwanza, maana wao wakipiga simu wanasema shida yao. Lakini nani kati yetu angeshangaa Mkongo akisalimia kwa muda mrefu?

Kwa hiyo nakuandikia tena, uibandike karibu na cherehani. Nikikuita Yaya, ni nyimbo nne za kwanza. Mama, nne zinazofuata. Halafu Dada, Mwalimu, Shangazi, na mwisho Mtumishi. Baada ya jina nauliza swali moja: usingizi ni wimbo wa kwanza wa kundi, kazi wa pili, mvua wa tatu, wageni wa nne. Basi. Hata mtoto wa darasa la pili angeweza.

Barua hii inaletwa na Jean-Baptiste, shemasi, anayekuja huko akipata nafasi kununua vitambaa. Nijibu kwa mkono wake, si kwa simu, maana Ntahomvukiye husimama karibu nami akilinda mali yake na anasikia kila neno.

Mdogo wako uliyemwaibisha,
Guelord

*

Mchesi, Lilongwe, 18 Machi 2002

Guelord mdogo wangu,

Mwalimu, kazi. Nimeelewa, bwana mkubwa. Siku ile Mai Nabanda, mwenye kibanda, alikuwa na mteja anayegombana kuhusu zipu, sikusikia vizuri. Wewe unafikiri mimi nakaa hapa na simu mapajani nikikungoja? Simu ya mezani iko ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, cherehani yangu iko mlangoni, na Jumapili saa kumi namwomba Mai Nabanda ufunguo nikimwambia kwamba mdogo wangu wa kambini hawezi kulala bila kusikia wimbo. Ananihurumia sana kwa kuwa na mdogo kama wewe.

Nitaimba. Sikatai, hata inanifurahisha kidogo. Jumapili hapa ni ndefu na wateja ni wachache.

Ila nina sharti moja na usilichezee. Watu wa kambi wametoka vitani, kila mmoja ana mtu wake aliyepotea. Leo wanauliza wimbo, kesho watakuuliza, "Mtoto wangu yuko wapi?" Siku hiyo usinipe mtu huyo simu. Kata. Mimi nitaimba nyimbo ishirini na nne na sitasema neno lingine lolote. Wewe na mimi tunajua baba na mama walikolala, tuliwazika kwa mikono yetu kule Bukavu kabla ya haya yote. Hatujui mtu asiyejua anaishi vipi. Kwa hiyo tusimguse.

Nguo yako ya kijani nimeishona kwapani. Usiinue mikono sana ukijifanya nabii.

Dada yako,
Mathilde

*

Dzaleka, 8 Aprili 2002

Yaya,

Nakupigia makofi nikiwa hapa. Sijui unafanyaje, lakini tangu Pasaka umekuwa mtu mwingine!

Siku ya Pasaka nilisema "Allo" tu. Sikukuita Yaya wala Mama, sikuuliza usingizi wala mvua, ukaanza. Nilitaka kukukatiza nikidhani umekosea tena, kumbe ndio uleule wimbo wa mtu aliyechagua. Nikasema labda ni bahati. Jana ikawa hivyohivyo mara tatu. Mara ya tatu sikusema hata Allo. Simu iliinuliwa na sauti ikaimba. Niambie, una mtu wako hapa kambini anayekupigia kabla yangu? Ni Jean-Baptiste? Niambie tu, sitakasirika. Watu sasa wanakuja kutoka mwisho wa kambi, wanapanda kichuguu wamevua viatu. Mimi mwenyewe sasa navua viatu, na ni mimi niliyeitunga michezo yote!

Jambo lingine: vitengo vya simu, ile pesa ya kupigia, havipungui. Ntahomvukiye anaangalia kioo cha simu kabla na baada, namba ni ileile. Amefurahi sana na ameniomba nisimwambie mtu.

Kuna mama mmoja anayenitia wasiwasi. Anaitwa Orpa, mtu wa Fizi, Mbembe, analima bustani ya mchicha karibu na kisima. Mume wake Lwaboshi walipotezana mwaka tisini na nane, mwezi wa nane, siku watu walipokimbia kuelekea ziwani. Yeye alipata mtumbwi, mume alirudi kumchukua mama yake mzazi. Tangu hapo hakuna habari. Mama Orpa anakuja kila Jumapili, anakaa pembeni, hachagui kikaratasi. Jana alinisogelea akaniuliza polepole, "Huyu wa simu anaonaka bantu ao nyimbo tu?" Nikamwambia nyimbo tu, mama. Sharti lako nimelishika. Aliitikia kwa kichwa, lakini hakwenda nyumbani.

Mbona huandiki? Barua yako ya mwisho ni ya Machi.

Guelord

*

Dzaleka, Jumatatu 15 Aprili 2002

Mathilde,

Sikuiti Yaya leo kwa sababu nimekasirika kweli.

Wewe ndiye uliyeweka sharti. Wewe ndiye uliyeandika tusiwaguse. Halafu jana umefanya nini?

Nilipiga kwa ajili ya Marguerite, yule anayeuza mandazi. Alikuwa amechagua wimbo wa asubuhi. Simu ikainuliwa, ukaimba, kwa sauti nzito kama ya mwenye mafua, wimbo nisioujua, katika Kibembe. Nilijua ni Kibembe kwa sababu Mama Orpa, aliyekuwa amekaa mbali kabisa kuliko wote, aliinuka kama mtu aliyechomwa na moto. Simu ilikuwa sikioni mwangu, Mathilde. Asingeweza kusikia kutoka pale. Alikuja moja kwa moja, akaichukua mkononi mwangu, na mimi, mjinga, nikaiachia.

Alisikiliza muda mrefu. Aliongea kidogo, Kibembe tupu. Mara moja alicheka. Kisha akalia bila sauti, akanirudishia simu, na ilikuwa imekwisha kukatika.

Leo asubuhi ameuza sufuria zake na godoro. Anasema anarudi Fizi kwa bwana wake. Fizi, Mathilde! Huko watu wanakufa kila wiki, wanaotoka huko wanatuhadithia wenyewe. Anapanga kuondoka na wafanyabiashara wanaopita Karonga na Mbeya hadi Kigoma, avuke ziwa. Watu wa kanisa wanamshangilia, wanasema Mungu amejibu. Wananishika mkono mimi wakinishukuru.

Nani alikufundisha Kibembe? Sisi ni watu wa Bukavu, hata salamu yao hatuijui. Ulimwambia nini? Ulimwambia mume wake yu hai? Kama ulikuwa unamhurumia, huruma ya namna hiyo itamwua.

Nijibu upesi.

G.

*

Hospitali, Likuni, 24 Aprili 2002

Guelord,

Mkono wangu hauna nguvu, kwa hiyo usijali mwandiko. Jean-Baptiste ameniletea barua zako mbili leo kwa pamoja. Alikuta kibanda kimefungwa, akanitafuta mtaani, mwishowe jirani akamwelekeza hapa.

Nimelazwa tangu tarehe pili Aprili. Homa ya matumbo. Siku kumi za kwanza sizikumbuki. Mai Nabanda alinileta kwa kabaza, baiskeli ya kukodi, akafunga kibanda, akaenda kwao Dedza. Niliamini amekupa habari. Yeye aliamini Jean-Baptiste amekupa.

Sasa sikiliza. Hata kama ningekuwa mzima nisingekujibu. Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu wezi walikata nyaya za simu za mtaa mzima. Wanauza shaba. Asubuhi tulikuta nguzo tupu kutoka msikitini hadi sokoni. Siku ya Pasaka nilikuwa nimeketi kibandani na homa yangu inaanza, sanduku limefunguliwa, nimeshika simu sikioni, hakuna hata ule mlio. Nilisema, maskini Guelord, leo ataaibika.

Nimezisoma barua zako mara tatu. Nilimwomba sista mmoja anayejua Kiswahili anisomee ya pili kwa sauti, nikidhani ni homa inayonichezea. Alisoma mpaka kwenye Kibembe, akakunja karatasi, akaniuliza kama ndugu yangu anakunywa.

Sijaimba tangu Machi. Umekuwa ukiongea na nani?

Mathilde

*

Dzaleka, 29 Aprili 2002

Yaya wangu,

Nisamehe kwa maneno yangu. Nimelia kwa kujua kwamba ulikuwa karibu kufa nami nikikutukana kwenye karatasi. Jean-Baptiste anasema sasa unakula uji na unagombana na wauguzi, kwa hiyo nimepumua.

Jana sikutangaza mchezo. Nilimwomba Ntahomvukiye twende wawili tu, mchana kweupe, jua kali. Sikutaka kupiga, lakini ningewezaje kutopiga? Nilibonyeza namba ileile ya Mai Nabanda. Iliita mara mbili. Ikainuliwa.

Safari hii hakuna aliyeimba. Nilisikia maji, maji ya karibu, kama ufukweni wakati hakuna upepo. Na nilisikia watu. Hawakuongea. Unajua pale kanisani mwimbishaji anapoinua mkono na wote wanavuta pumzi kabla ya wimbo? Ni hivyo, ila pumzi ile haikutoka. Nikahesabu moyoni mpaka ishirini, bado.

Kisha mtu, mwanamume, akasema taratibu kama anayezungumza na mwenye duka aliyemzoea: "Leo haukuleta muntu?"

Nilitupa simu. Ntahomvukiye aliiokota kwenye majani, akaisikiliza, uso wake ukabadilika rangi. Anakataa kuniambia alichosikia. Ameifunga simu kwa kitambaa na kuiweka ndani ya gunia la chumvi. Vitengo havikupungua.

Ninaogopa, Yaya. Naogopa kweli, hata kichuguu chenyewe nakizunguka mbali. Lakini hofu yangu kubwa ni Mama Orpa. Ataondoka tarehe kumi na tatu Mei. Nimemwendea mara tatu. Nikimwambia, "Mama, sauti ile siyo ya kuaminika," ananijibu, "Weye haukusikia." Nikimwambia Fizi kuna vita, anasema anajua, ndiko alikotoka.

Kuna njia moja tu. Uje. Tusimame wote wawili mbele ya kanisa, tuoneshe vikaratasi, tuoneshe salamu zetu, tuseme ni mchezo toka mwanzo mpaka mwisho. Na wewe useme ni wewe uliyemwimbia tarehe kumi na nne. Useme kuna jirani Mbembe aliyekufundisha wimbo. Ni uongo, najua. Lakini ukweli ndio utakaomweka kwenye lori la wale wafanyabiashara. Wakitufukuza, watufukuze. Akifa Fizi kwa ajili ya kichuguu changu, nitaishi vipi?

Guelord

*

Likuni, 6 Mei 2002

Guelord,

Nimeruhusiwa kutoka Alhamisi. Nitakuja na basi la Jumamosi, na Jumapili tarehe kumi na mbili nitasema unachotaka niseme. Nimepungua sana, usije ukapita karibu nami kituoni bila kunitambua.

Nimeokoka tangu nikiwa na miaka kumi na minne na sijawahi kusema uongo kanisani. Ninajiambia kwamba uongo wa kumzuia mtu asife Mungu ataupima kwa mizani tofauti. Sina hakika.

Usipige tena.

Mathilde

*

Mchesi, 15 Mei 2002

Guelord,

Nimefika salama. Wewe ulibaki uwanjani na wanaume waliokushika shati, kwa hiyo hujui kilichotokea nyumbani kwa Mama Orpa, na asubuhi ile ya lori hatukupata hata dakika mbili za kuongea. Nakuandikia kabla sijaanza kujidanganya.

Baada ya sisi kuungama, alinishika mkono kwa upole, akanitoa katikati ya wale kina mama waliokuwa wananitemea maneno. Alinipeleka kwake. Nyumba tupu, amekwisha kuuza kila kitu, tukakaa kwenye mkeka. Akanipa maji. Nilirudia uongo wetu wote, jirani Mbembe, wimbo, nikaapa. Akaniambia, "Sawa. Kama njo weye, imba."

Nikauliza wimbo gani. "Ule uliniimbiaka."

Sikuujua, Guelord. Niliimba wimbo wa kwanza ulionijia kichwani, kwa Kiswahili, nikasema tafsiri yake ni hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, kama mtu anavyosikiliza mtoto anayeimba mbele ya wageni. Kisha akanishukuru kwa Kichewa, "Zikomo, dada. Weye iko na sauti muzuri. Ule wa simu alikuwa na sauti mubaya sana. Bwana yangu hakujuaka kuimba."

Nilianza kulia. Yeye ndiye aliyenifariji mimi. Nilimwomba, nilipiga magoti kwenye mkeka wake, nikamwambia atakufa njiani, nikamwambia hata kama yu hai ataona mwenyewe njia ya kuja. Hakubishana na lolote. Alikuwa ananifutia uso kwa ncha ya kitenge chake na kuangalia mlango, kama anayehofu kuchelewa.

Alipanda lori Jumatatu na mfuko mmoja. Ulimwona. Hakutupungia mkono, alikuwa amekwisha kuangalia mbele.

Nimesema uongo kanisani na haukumsaidia mtu. Ninaogopa tumemwua, mdogo wangu. Nyaya zimerudishwa jana. Simu imeita mara moja leo mchana, alikuwa mteja wa Mai Nabanda anayeuliza sare za shule. Niliitazama tu mpaka Mai Nabanda akaipokea.

Mathilde

*

Namulembe, Fizi, 7 Julai 2002

Kwa Guelord wa Dzaleka, na kwa dada yake

Mi Orpa njo nasema, Ezechiel katekista wa hapa njo anaandika. Anaandika vile nasema, nimemuomba asirekebishe.

Nilifika. Ziwa tulivuka siku mbili, askari balituangalia tu. Kwa hiyo musilie tena juu yangu, hasa ule dada. Muambie ale, alikuwa mifupa.

Mulinisumbua sana kwa kuniambia ni uongo. Mukasema, "Bwana yako haiko mzima, usiende." Lakini nani kati yenu aliniuliza ye alisema nini? Hata mutu moja. Mulifikiri naenda kuona bwana mzima. Kanisa pia ilifikiri vile. Nikanyamaza, nikabaacha bafikiri.

Ningesema nini? Ningesema amekufa, bamama ba kanisa bangekuja siku ileile, banikalishe chini, matanga, banifunge kitambaa. Mujane hatokaki. Siku arobaini ningekuwa pale kwa mukeka, na lori ingeenda. Njo maana nilicheka nikauza sufuria. Nilijua amekufa tangu neno lake la kwanza. Alisema, "Mama Orpa, tuko kwa maji, nyuma ya kinu cha mawese cha muzee, chini ya majani. Hakuna mutu alituimbia. Kuja."

Nikamuuliza, mama yako? Akasema, iko hapa pembeni. Nikacheka kwa sababu mama yake alikuwa anamukalia pembeni hata tulipooana. Kisha akaimba ule wimbo tunaimbiaka muntu kwa kaburi, akauharibu kama kawaida yake, akasema njo ule anataka.

Kinu iko. Nilionyesha bantu pale pa kuchimba, balikuwa na woga, balifikiri mi muchawi. Tulikuta bantu kumi na watatu. Bwana yangu nilimujua kwa mukanda, na mama yake kwa meno. Tulibazika wote, kila mutu shimo yake. Ezechiel alisoma, mi niliimba. Niliimba kumi na tatu, moja kwa kila mutu, mpaka sauti ilikwisha. Wakati wa mwisho hapakuwa tena na ule uzito mahali pale. Hata batoto balianza kucheza kwa maji.

Bengine hawakuwa ba hapa. Balikuwa bakimbizi balipita, ba Uvira, ba Bukavu, hata Murundi moja. Muzee wa kinu alijificha siku ile, aliona, alibajua, anakumbuka kila jina na mahali mutu alitoka. Ezechiel ameandika majina yote nyuma ya karatasi hii. Guelord, usipige simu tena. Soma.

Mi nitabaki hapa. Kuna shamba.

Orpa, mujane wa Lwaboshi

*

Dzaleka, Jumatatu 23 Septemba 2002

Yaya wangu,

Mfanyabiashara wa samaki ndiye aliyeileta barua ya Mama Orpa, Jumatano, imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Nakutumia nakala niliyoiandika kwa mkono wangu. Kaa chini kabla ya kuisoma, na Mai Nabanda awe karibu. Yu hai, Yaya! Nianze na hilo ili usome mengine kwa moyo mwepesi.

Mimi niliisoma nimesimama, nikajikuta nimekaa mavumbini. Miezi yote hii nilijiita mwuaji. Sasa najiita mjinga, na nashukuru. Nilimwambia maneno mengi yule mama, nikaungama, nikaapa, nikakuleta wewe kutoka kitandani, na swali moja tu, "Mama, alikuambia nini?", halikupita mdomoni mwangu. Kwa nini sikuuliza? Nadhani niliogopa jibu.

Siku mbili sikumwonesha mtu karatasi ile. Tangu Mei watu wa hapa wakiniona wanageuza uso, na tapeli kama mimi akisimama na majina ya wafu atapigwa mawe. Mzee Gélase nilipomwonesha alisoma, akavua miwani, akasema nisome baada ya ibada, yeye atasimama kando yangu.

Kabla ya kwenda kanisani jana nilimwomba Ntahomvukiye simu mara moja tu. Nilibonyeza ile namba. Ukapokea wewe, ukasema "Allo, kibanda cha Mai Nabanda," kwa ile sauti yako ya kuongea na wateja, nikakata bila kusema. Samahani, ulikuwa wewe kweli na ndicho nilichotaka kujua. Vitengo vilipungua. Nilitarajia kufurahi, lakini niliposhuka kwenye kichuguu nilikuwa na majonzi kama mtu aliyechelewa kuwaaga wageni.

Nilisoma mlangoni mwa kanisa, mikono mitupu, hakuna vikaratasi wala simu. Nilieleza kwa ufupi, majina haya ni ya watu waliozikwa Namulembe, wameimbiwa. Jina la kwanza la Lwaboshi, la pili la mama yake. La tatu na la nne, kimya. Nilifikiri wataanza kunizomea. La tano lilikuwa Byamungu wa Uvira, fundi viatu. Marguerite wa mandazi alisimama. Hakupiga kelele. Alisema, "Ni kaka yangu," kisha akasema tena kwa watu wa nyuma ambao hawakusikia, "Ni kaka yangu, ni fundi viatu." Kina mama walimwendea wakamkalisha chini. Nilishindwa kuendelea, Mzee Gélase akanishika mgongoni. La sita, kimya. La saba, Nahayo, yule Mrundi, na Ntahomvukiye aliyekuwa amesimama nje na duka lake lote mgongoni aliweka gunia chini polepole akaingia.

Tulimaliza yote kumi na matatu. Watu watano walisimama, na leo kambini kuna matanga matano, nimetoka kuwachotea maji. Ukiwatoa Lwaboshi na mama yake, sita bado hawajapata mtu. Labda watu wao wako Mtandire au huko Mchesi kwako, au njiani bado. Majina yao nimeyaandika pembeni ya barua hii, yasome kanisani kwenu. Huku mimi nitayasoma tena Jumapili.

Mdogo wako,
Guelord